Fundi Sikio na Spika Mbili

Sehemu ya Sita

Bado ameinama.

Ninyi wasomaji mlifunga gazeti wiki iliyopita, mkala, mkalala, mkaenda kazini na kurudi. Fundi Sikio mlimwacha pale pale mbele ya gereji yake, kichwa ndani ya boneti ya gari la mwoka mikate, ncha ya bisibisi ndefu ikigusa injini na mpini wake umebanwa kwenye sikio la kushoto. Barabara nzima imenyamaza ikimsubiri ataje ugonjwa wa gari.

Na yeye hasikii kitu.

Hasikii injini, hasikii watu, hamsikii hata shemeji yake mwenye kipaza sauti. Anasikia mlio mmoja tu mwembamba, kama wa birika linalokaribia kuchemka, na mlio huo unatoka ndani ya kichwa chake mwenyewe.

Kwa aliyekosa sehemu zilizopita nitasema haraka, maana magari yanasubiri. Fundi huyu aliitwa Sikio kwa kuwa tangu ujana wake anapima injini kwa kuisikiliza. Bisibisi kwenye chuma, mpini sikioni, macho yamefumbwa, kisha anataja: hapa beringi, hapa valvu. Watu walimfuata kutoka mitaa ya mbali. Halafu ng'ambo ya barabara ikafunguliwa gereji ya vioo, yenye kompyuta za kupimia magari na viti laini vya kusubiria. Wateja wakavuka barabara mmoja mmoja, huku wakimpungia mkono kwa aibu.

Mwenye kiwanja hakumung'unya maneno. "Fundi, mahali pasipoingia gari si gereji, ni stoo. Na hiyo stoo nina mtu anaitaka." Akasema Ijumaa atakuja mwenyewe kuona kama pana uhai.

Ndipo akajitokeza Redio, mdogo wake mke wa fundi, kijana aliyekuwa akiuza magodoro kwa kipaza sauti hadi magodoro yenyewe yakachoka kumsikiliza. "Shemeji, unahitaji matangazo," akasema.

"Chema chajiuza," fundi akamjibu.

"Hiyo ilikuwa zamani. Siku hizi hata chema kinahitaji spika."

Redio akaleta spika mbili zenye urefu wa kabati. Akaleta bango lenye sikio kubwa, lililochorwa na mtu ambaye ni wazi hajawahi kulitazama sikio kwa makini. Akatangaza mtaa hadi mtaa kwamba Ijumaa Fundi Sikio atapima magari bure, hadharani, kwa sikio tupu. Fundi alikataa. Redio akasema huo ni unyenyekevu, na unyenyekevu wake akautangaza pia.

Asilolijua Redio, alilolijua mke wa fundi peke yake, ni kwamba sikio la kulia lilikufa zamani. Lililokuwa likilisha nyumba ni la kushoto. Na tangu asubuhi Redio alikuwa amezipanga spika zake juu ya meza ya vifaa, upande wa kushoto wa fundi, zikimngurumia kwa karibu: "Ng'ambo wana kompyuta! Sisi tuna Sikio!"

Turudi kwenye boneti.

Mwoka mikate alisogea, uso wake wa mviringo umejaa imani. Midomo yake ilicheza. Fundi alijaribu kuisoma midomo ile, akaona inasema tu "fundi, fundi", au labda "kumbe, kumbe". Jasho lilimshuka mgongoni. Alisogeza bisibisi kidogo, kama anayetafuta mahali pazuri zaidi. Alifumba macho, akayafumbua. Mlio ule ule wa birika.

Akaona amekwisha. Akainuka ili aseme ukweli wake wote, liwalo na liwe.

Lakini alipokuwa anainuka, kiganja chake kilijiegemeza juu ya dainamo. Chuma kikamtetemekea mkononi, mtetemo wenye kukwama, mtetemo wa kitu kinachozunguka huku kinaumia. Mkono wa fundi ulikuwa umeshika dainamo kabla ya Redio kuzaliwa. Mdomo ukasema kabla ya akili.

"Beringi ya dainamo. Imekula upande mmoja."

Mwoka mikate akaruka juu. Midomo yake safari hii ilisomeka hata na kipofu: "Ndiyo! Ndiyo hiyo hiyo!" Akamshika fundi mabegani, akamtikisa, akawageukia watu na kunyoosha kidole ng'ambo kwenye gereji ya vioo. Watu wakarusha mikono. Fundi aliona vinywa vimefunguka, viganja vinapigana, meno yanameta, na vyote hivyo havikuwa na sauti.

Alitamani kulia. Badala yake akatabasamu, kwa sababu mwenye kiwanja alikuwa ameketi kivulini kwenye kiti cha plastiki, na mwenye kiwanja alikuwa anatabasamu.

Redio hakumpa nafasi ya kuvuta pumzi. Magari mengine matatu yalikuwa yamejipanga. Fundi akamwashiria kwa macho mkewe, aliyekuwa kwenye dirisha la spea, na wote wawili wakapotelea nyuma ya kontena la spea. Redio akawafuata mbio, kipaza sauti bado mkononi.

"Mama Chiriku," fundi akasema, na hakujua kama anapiga kelele au ananong'ona. "La kushoto limekwenda."

Mke wa fundi alimshika kidevu, akamgeuza uso ili midomo yake ionekane vizuri, kama walivyozoea usiku wakiwa chumbani kwao. "Lote?"

"Lote. Nasikia birika tu."

"Mara ngapi nilikwambia nenda hospitali?"

"Sikio la kufa halisikii dawa," akasema, akijaribu kucheka.

Redio alikuwa amesimama mdomo wazi. Kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu katika hadithi hii, Redio alikosa neno. Alimtazama dada yake, akamtazama shemeji yake, kisha akazitazama spika, na rangi ikamtoka usoni.

"Shemeji... ni mimi? Ni hizi spika?"

"Zima kila kitu," fundi akasema. "Nenda uwaambie shughuli imekwisha. Waambie naumwa."

Redio alichungulia pembeni ya kontena. Magari yalikuwa yamekuwa matano. Aliporudi, alizungumza polepole, akiichonga kila silabi kwa midomo.

"Shemeji, nisamehe. Nitakupeleka hospitali mwenyewe, kesho asubuhi. Lakini leo nimewaambia watu wewe ni sikio. Sikusema wewe ni fundi mzuri, nilisema wewe ni sikio. Bango ni sikio. Ukitoka pale ukasema husikii, hatufungi leo tu. Tunafunga moja kwa moja. Yule mzee yuko pale na kufuli mfukoni."

Hilo ndilo kosa ambalo nadhani halijawahi kufanywa na mfanyabiashara mwingine, ndugu zangu. Walikuwa na fundi mwenye mikono, macho, pua na miaka yote ya kazi. Wakaliuza sikio peke yake, tena lile bovu.

Mke wa fundi alifikiri kidogo. "Mimi ninasikia," akasema.

"Nini?"

"Nimekaa kwenye dirisha la spea miaka yote hii. Injini zako nimezisikia kuliko nyimbo za kanisani. Nitasimama mbele yako. Nikishika kitambaa cha kichwa, ni mkanda. Nikishika shavu, ni plagi. Bega, ni beringi. Kiuno, ekzosi."

"Na kama gari ni zima?"

"Nitatikisa kichwa. Lakini kumbuka, Baba Chiriku, ni leo tu. Jua likizama tunasema ukweli."

Fundi alikubali. Angefanya nini? Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na aliyekuwa akimpa kamba ni mkewe.

Wakatoka. Gari la pili, mke akashika kitambaa. "Mkanda!" Watu wakarusha mikono. Gari la tatu, mke akashika kiuno. "Ekzosi imetoboka, karibu na kiungo cha pili!" Kiungo cha pili alikiongeza mwenyewe kwa kuona masizi, maana macho alikuwa nayo. Watu wakarusha mikono tena.

Gari la nne, nzi akatua shavuni kwa mke wa fundi. Mke akajipiga kofi kumuua.

"Plagi!" fundi akatangaza.

Mke akatoa macho. Mwenye gari akatoa macho. Wakafungua plagi, na wallahi zilikuwa nyeusi tititi, hata mwenyewe hakujua. Watu walicheka, wakashangilia, wakakumbatiana. Mteja mmoja wa gereji ya vioo aliwasha gari lake, akavuka barabara mchana kweupe na kujiunga kwenye foleni.

Fundi alianza kuamini. Aibu bado ilikuwepo, lakini juu yake palikuwa pameanza kuota kitu kingine, kitu kama furaha ya mwizi ambaye hajakamatwa. Akafikiri labda itawezekana. Labda watasimama hivi kila siku, yeye na mkewe, na dunia haitajua.

Ndipo mwenye kiwanja akainuka kwenye kiti chake. Alimwita mke wa fundi kwa mkono, akamwelekeza ndani ya gereji. Uso wake ulikuwa mkunjufu. Mke alimtazama mumewe, akasita. Kwa mwenye kiwanja huwezi kusema subiri. Midomo ya mke ikasema, "Narudi sasa hivi. Usipime kitu." Akaingia ndani.

Na hapo hapo, kutoka upande wa juu wa barabara, likaja gari la shule.

Gari hilo mnalikumbuka, lile la manjano lenye mbavu zilizobonyea, linaloendeshwa na Kofia, dereva mfupi ambaye hajawahi kuonekana kichwa wazi. Ndani walikuwa wamejazana watoto wa timu ya riadha, wamevaa fulana nyeupe, wanakwenda mashindanoni. Na kwenye dirisha la nyuma, nusu ya mwili nje, mikono yote miwili hewani, alikuwa Chiriku.

Chiriku ni kitinda mimba wa fundi. Jina hilo walimpa kwa sababu ya mdomo wake, maana huamka anaongea na hulala anaongea. Sauti yake ni nyembamba na ya juu, na ndiyo sauti ya kwanza fundi kuipoteza, kabla ya honi, kabla ya kengele. Amekuwa akiitikia "ndiyo mwanangu" kwa mambo asiyoyajua kwa muda mrefu sasa.

Kofia alishuka, akaongea na Redio. Redio akatangaza, kisha akakumbuka, akamgeukia shemeji yake na kuichonga midomo. "Linalia likishika breki. Anauliza, ni vumbi au ni ugonjwa?"

Fundi alitazama mlango wa gereji. Mkewe alikuwa amempa mgongo, anainamisha kichwa kwa heshima mbele ya mzee.

"Nipe jeki," fundi akasema. "Nifungue gurudumu niangalie kwa macho."

Redio alifanya uso wa kuomba radhi. Kabla hajajibu, Kofia alishaanza kupiga saa yake kwa kidole na kutikisa kichwa. Watoto wamechelewa. Mwalimu mkuu amesema apite tu, apate neno la Sikio, aende. Watu waliokuwa karibu walicheka, na mmoja akafanya ishara ya kusukuma jeki mbali. Sikio na jeki wapi na wapi?

"Jeki," fundi akasema tena. "Nawaomba."

Hakuna aliyekwenda kuichukua. Ndiyo faida ya matangazo mazuri, wapendwa. Mtu akishaliamini tangazo, hata mwenye mali hana ruhusa ya kulipinga.

Redio, kwa kutojua afanye nini, akafanya alichozoea. Alizizima spika, akawanyamazisha watu kwa mkono ili fundi "asikilize". Kofia akapanda, akalisogeza gari mbele hatua chache, akashika breki.

Ninyi mngekuwepo mngesikia. Ulikuwa mkwaruzo wa chuma kwa chuma, kama mtu anayeburuta kitanda cha chuma kwenye sakafu ya saruji. Mama mmoja alikunja uso. Mtoto mmoja akaziba masikio. Mwoka mikate, ambaye hajui tofauti ya breki na bisikuti, alimgeukia jirani yake na kusema, "Mh!"

Fundi alikuwa amechutama kando ya gurudumu. Alinusa. Harufu ya kuungua ilikuwepo kidogo, lakini barabara nzima ilinuka moshi wa magari. Aliweka kiganja juu ya bodi, na bodi ilikuwa inatetemeka kwa watoto waliokuwa wakirukaruka ndani. Mkono haukumwambia kitu. Alitazama mlango wa gereji kwa mara ya mwisho. Mgongo wa mkewe. Hakuna kitambaa, hakuna shavu, hakuna bega.

Dirishani Chiriku alikuwa anawaambia wenzake jambo huku anamwonyesha kidole. Midomo ya mwanawe fundi aliweza kuisoma hata gizani. "Yule ni baba yangu."

Redio akamsogezea kipaza sauti kilichozimwa. Watu wote walikuwa wamemkazia macho.

Fundi Sikio alijua neno lililotakiwa. Neno lilikuwa "sijui". Alifungua mdomo ili aliseme. Na mdomo wake, ule ule uliosema beringi kabla ya akili, ukasema wenyewe.

"Gari zima. Ni vumbi."

Watu walitazamana, maana kila mmoja alikuwa amesikia kwa masikio yake mwenyewe. Halafu mwoka mikate akainua mabega. "Kama Sikio amesema ni vumbi, basi ni vumbi." Na wote wakakubali. Wenye masikio mazima waliyakana masikio yao, wakamwamini kiziwi.

Kofia alimpigia saluti, akaingiza gia. Gari la manjano likaondoka.

Kutoka gereji ile barabara inateremka. Inaanza taratibu, kisha inainama kabisa hadi chini, inapokutana na barabara kuu, mahali ambapo malori ya kokoto hupita bila kumjali mtu. Fundi alisimama akilitazama gari linavyokwenda. Watu walikuwa wanampa mikono, akaipokea. Walikuwa wanafungua vinywa, akawatabasamia.

Mtu akamvuta shati kwa nguvu, akamgeuza.

Alikuwa mkewe. Mkononi alishika ufunguo mpya wa geti, na nyuma yake mwenye kiwanja alikuwa anakuja polepole, anacheka, tayari kumpongeza mpangaji wake. Lakini mkewe hakuwa anacheka. Macho yake yalikuwa yanatafuta barabarani.

"Gari gani limelia vile? Nimelisikia nikiwa ndani. Liko wapi?"

"La shule," fundi akasema. "Limekwenda. Ni vumbi."

Aliuona uso wa mkewe ukibadilika, na akajua kabla midomo haijafunguka. Midomo ikafunguka hata hivyo, polepole, silabi moja moja.

"Baba Chiriku. Ni chuma kwa chuma. Pedi za breki hakuna."

Ufunguo ulianguka chini. Fundi aliuona ukianguka, hakuusikia.

Akaanza kukimbia, akasimama. Gari lilikuwa limeshafika mahali barabara inapoinama. Miguu ya mtu haiwezi. Akageuka, akamnyang'anya Redio kipaza sauti, akabonyeza kitufe na kupiga kelele kwa pumzi yote aliyokuwa nayo.

"Simamisha! Kofia, tumia gia! Breki hakuna! Nimesema uongo! Sisikii, jamani, mimi ni kiziwi! Mwanangu yumo!"

Hakujua kama sauti inatoka. Redio alikuwa amezizima spika, je, alikuwa ameziwasha tena? Hakusikia spika, hakusikia hata koo lake. Alirudia, akarudia, kama mtu anayepigia kelele ukuta. Kisha akaona vichwa vinageuka. Mwoka mikate alikuwa ameshika kifua. Mwenye kiwanja alikuwa amesimama katikati ya hatua, kicheko kimemkauka usoni. Redio alikuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili.

Wamesikia, basi. Sauti inatoka. Siri imetoka, na gereji imetoka nayo, na fundi hakujali hata kidogo. Alikuwa anatazama chini ya mteremko.

Huko chini, taa nyekundu za nyuma za gari la shule zikawaka.

"Amesikia!" fundi akasema. "Mama Chiriku, Kofia amesikia! Ameshika breki!"

Kwenye kioo cha nyuma kulikuwa na kichwa kidogo kimegeuka kuwatazama, mdomo wazi, unaita. Hakuhitaji kusikia ili ajue unamwita nani.

Taa ziliendelea kuwaka, nyekundu kabisa. Gari halikupunguza mwendo.